SIKU ZA MAPUMZIKO NA MLIMA WETU WA ULUGURU



Milima haikutani, wanadamu hukutana: ndivyo walivyosema wazee wetu. Sisi watumishi tuliopangiwa kazi Morogoro tumeipa methali hiyo maana nyingine, kwani twakaa chini ya mlima miaka mingi wala hatukutani nao. Asubuhi twaufungulia dirisha la ofisi, jioni twaufungia, na barua ya uhamisho ikifika twapakia vyombo na kwenda zetu bila ya kuukanyaga hata mara moja. Watoto wetu nao huondoka vivyo hivyo. Mtoto amesoma hapa tangu darasa la kwanza hata la saba, na huko aendako akiulizwa Uluguru ikoje, atajibu kwamba ni mlima wa rangi ya buluu na asubuhi hufunikwa na ukungu. Hayo hata abiria aliyepita kwa basi angeweza kuyasema.

Masika ikiisha na shule zikifungwa mwezi wa Juni, huingia miezi mizuri ya kutembea, nayo hudumu hata Oktoba. Kwa hiyo twapenda kuwashauri wanachama jambo moja: kila mwenye watoto atenge siku moja katika likizo yake awapeleke mlimani. Hatulisemi jambo hili kwa ajili ya kujifurahisha tu, ingawa furaha nayo ni haki ya mtu aliyefanya kazi. Twalisema kwa sababu mlima huu waweza kuharibiwa na mikono ya watu wasioujua, na baadhi ya mikono hiyo hushika kalamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Twajua jinsi siku hizo zinavyokwenda. Nyingine huchukuliwa na misiba na harusi, nyingine na shamba la nyumbani, nyingine na kiwanja ambacho matofali yake yangoja fundi, na zilizosalia twazikalia barazani tukizungumza habari za ofisi ile ile tuliyoomba ruhusa ya kuiacha. Hatumlaumu mtu. Kila mmoja ana wazazi, ana ukoo, ana madeni. Illa katika siku 28 twaomba moja.

Tena mtumishi kusafiri na kutazama si jambo geni katika vyama vyetu. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali pale Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931, na aliporudi akaandika kitabu ili wenzake wayajue aliyoyaona. Yeye alivuka bahari. Sisi twaambiwa tupande mlima ulio nyuma ya nyumba zetu.

Basi tuwaeleze wasomaji mahali pa kwenda, tukianza na palipo karibu.

Mwenye watoto wadogo hana haja ya kwenda mbali. Mto Morogoro hushuka kutoka mlimani hata mjini, na upande wa juu wa mji, mahali paitwapo Rock Garden, maji hupita katikati ya mawe makubwa chini ya miti. Mama mwenye mtoto mchanga aweza kukaa kivulini, na watoto wakubwa wakachezea maji mbele ya macho yake. Hulipwa kiingilio, na chakula chaweza kuchukuliwa kutoka nyumbani au kununuliwa. Siku ya namna hiyo huanza baada ya chai na kwisha kabla ya magharibi.

Mwenye watoto wa miaka minane au tisa na kuendelea, na awapandishe mpaka Morningside. Ni nyumba ya kale iliyojengwa zamani za Wajerumani, mahali palipo kiasi cha meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe u kiasi cha meta 500. Njia yapita kati ya migomba, maharage na mboga za wenyeji, na mwendo wa watoto ni saa mbili au tatu kwa kupanda. Wanaoondoka mapema watakutana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na mizigo kichwani kwenda sokoni. Twaomba watoto wetu wapishe njia, waamkie, kisha waelezwe kwamba kabichi waliyoila jana ilishuka mlimani kwa namna hiyo. Somo hilo pekee lalipia safari nzima. Na wakifika juu wageuke nyuma, watauona mji wote na nyika iliyo mbele yake, na shule yao itakuwa ndogo kama kibiriti.

Vilele viwili vinavyotazama mji, Bondwa wa meta 2,120 wenye minara ya mawasiliano, na Lupanga wa meta 2,138, twawaachia vijana na watu wenye miguu imara. Njia ya Lupanga ni kali na yenye utelezi, nayo yataka siku nzima. Msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na walinzi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Haingii mtu bila ya kibali na kiongozi wa njia. Humo hukaa mbega, na vinyonga wa namna nyingi, na ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano ambaye hapatikani mahali po pote duniani isipokuwa Uluguru. Humea pia maua madogo ya zambarau, ya jamii ile ambayo Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya aliyaona Tanga mwaka 1892 na kuyapeleka kwao. Leo maua ya jamii hiyo yamo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na wenye nyumba huyanywesha maji kila wiki. Huku kwetu wengi wetu hatujayaona.

Wanachama wakishirikiana kukodi gari, safari ya Mgeta ni njema sana. Barabara ya Iringa hufuatwa mpaka Sangasanga, karibu na Mzumbe. Mahali hapo patupasa heshima, maana ndipo ilipofunguliwa shule ya serikali za mitaa mwaka 1953 ili kuwafundisha machifu, madiwani na makarani. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu. Wengi wa jamaa zetu wa ofisini walipata ujuzi wao hapo. Kutoka Sangasanga gari hupanda kwa mapindi mpaka nchi ya baridi ya Mgeta, Nyandira na Bunduki, ambako karoti, kabichi na njegere hustawi, na hata matunda ya nchi za baridi kama mapichi na mapeasi. Karibu na Bunduki kuna maporomoko ya Hululu. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko si mchezo, na mtoto aliyezoea joto la mjini apewe sweta. Upande wa mashariki, njia ya Kinole na Matombo, ni nchi ya mvua na joto, yenye ndizi, machungwa, mananasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Mtoto anayejua mdalasini kwa pakiti ya dukani atashangaa kuuona ukibanduliwa mtini.

Wasiopenda kupanda nao hawakosi pao. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyefunzwa hapa, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza linalotunza wanyama. Alikufa Januari 2022. Atakayetaka kuwaonyesha watoto kazi hiyo na apeleke taarifa mapema. Mwezi wa Agosti kuna maonyesho ya Nanenane, ambayo Kanda ya Mashariki huyafanya Morogoro, na mtoto aweza kuona ng'ombe, mbegu na mashine kwa siku moja. Na walio tayari kutoa zaidi kidogo wana Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kiasi cha kilometa 100 kutoka mjini. Huko gari lahitajika, na basi dogo moja lililojaa wanachama hupunguza gharama ya kila mmoja.

Wenzetu wa matawi ya Dar es Salaam wasiseme Morogoro ni mbali. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1907. Treni ya umeme ya reli mpya ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwendo wake hauzidi saa mbili. Nauli iliyotangazwa mwaka huo kwa daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Bwana, bibi na watoto wawili ni shilingi 39,000 kwenda, na 78,000 kwenda na kurudi. Anayeweka shilingi 6,500 kila mwezi atazipata fedha hizo kwa mwaka mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, nasi makarani ndio tunaoandika vibaba vya watu wote isipokuwa vyetu.

Sasa twarudi kwenye neno la kalamu tulilolitaja mwanzoni.

Katika Uluguru ndimo zilimo chemchemi za mito inayoufanya mto Ruvu, na Ruvu ndio unywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa. Upande wa mashariki wa mlima mvua hupita milimeta 2,000 kwa mwaka, na msitu huishika mvua hiyo kama sifongo, ukaitoa kidogo kidogo kiangazi chote. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na Ruvu ukapungua, Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu. Watu wakapanga ndoo usiku. Wengi walililaumu bomba. Ni wachache waliofuata bomba kwa mawazo mpaka likawa mto, na mto mpaka ukawa msitu, na msitu mpaka wakauona moto wa kiangazi ukipanda mteremkoni.

Mtu aliyepelekwa huko akiwa mtoto, akanywa maji ya kijito kinapotokea chini ya mti, hafundishwi jambo hilo mara ya pili. Na watoto wetu, kama walivyo watoto wa watumishi siku zote, wengi wataketi katika viti vya ofisi. Siku moja faili litaletwa mezani: ombi la kukata miti, au ramani ya mpaka, au kibali cha kujenga kando ya mto. Wino utakuwa mmoja na muhuri mmoja. Tofauti itakuwa katika mtu mwenye kushika muhuri, kama anaijua nchi iliyoandikwa katika karatasi au anaijua karatasi tu.

Historia ya mlima wenyewe yatuonya. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na maji. Kuhifadhi udongo ni jambo jema. Lakini amri ilitolewa na watu wasiosikiliza wenye mashamba, ambao ardhi yao hurithiwa kwa ukoo wa mama na ambao walijua ni mteremko upi unaofaa matuta na upi usiofaa. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, risasi zikapigwa, mtu akafa, na mpango wote ukaachwa. Mpango ule uliandikwa mezani kabla ya kufika mlimani. Sisi tunaoandika mezani yatupasa kuukumbuka.

Twajua majibu ambayo baadhi ya wasomaji wanayo.

Wengine watasema mshahara hautoshi. Ni kweli kwamba hautoshi mambo mengi, lakini kupanda Morningside kwataka kibali, kiongozi wa njia, viatu vyenye kushika, chupa za maji, viazi vya kuchemsha na ndizi. Kiingilio cha mwenyeji wa nchi ni kidogo kuliko cha mgeni wa ng'ambo, na chaweza kuulizwa kabla ya siku ya safari.

Wengine watasema kupanda milima ni desturi ya Wazungu. Tuwaulize: wale akina mama wenye mizigo ni Wazungu? Mlima huu ulikuwa na wakwezi, wakulima, waganga na machifu wake wa Kingalu kabla ya mgeni ye yote kuuchora katika ramani. Ni aibu kwamba mgeni ajifunze jina la ndege wa Uluguru akiwa kwao, na mtoto aliyezaliwa chini ya Uluguru asilijue.

La tatu halisemwi kwa sauti, nasi tutalisema. Mara nyingi siku iitwayo ya mapumziko huwa ni siku ya kazi maradufu kwa bibi wa nyumba. Huamka saa kumi alfajiri akapika, akafunga, akavisha watoto, kisha akapanda na mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na bwana ametangulia akipiga picha. Jioni wengine hulala, naye huosha vyombo. Na wanachama wetu wanawake, ambao wameshinda ofisini juma zima kama sisi, hupata hivyo hivyo. Safari ya namna hiyo heri isifanyike. Bwana na achukue mzigo, vijana wamenye viazi usiku, na chakula kiwe baridi na chepesi. Mama akirudi amechoka kuliko alivyoondoka, safari imeharibika hata kama watoto wameona tembo.

Kuhusu mwenendo wa njiani tutasema machache. Ondokeni alfajiri na kurudi mapema, kwani ukungu hushuka bila ya taarifa na mvua ya mlimani haifuati kalenda. Msiende bila ya mwenyeji wa kuongoza. Vibali hupatikana kwa Wakala wa Misitu, na kikundi cha Chilunga hapa mjini huwasaidia wageni kupata viongozi wa njia. Ujira wa kiongozi upatanwe kabla ya kuondoka, wala usipunguzwe wakati wa kurudi, maana fedha hiyo ndiyo inayomwonyesha kijana wa kijijini kwamba msitu uliosimama una chakula. Waamkieni wazee kwa shikamoo. Msimpige mtu picha bila ya kumwomba, wala msichume cha shambani bila ya kununua. Msing'oe maua wala msiwashe moto. Kila karatasi na chupa iliyopanda na ishuke.

Mwisho tuna shauri kwa kamati ya tawi. Kila ofisi ina kisanduku cha misiba, na ni vema, kwani twafarijiana. Twaomba kuwe na kisanduku cha pili cha safari ya watoto, na kila mwanachama atie anachoweza. Safari ya kwanza iwe katika likizo ya Juni, ya pili wakati wa Nanenane. Watoto wa wahudumu, madereva na walinzi wawe ndani ya gari lile lile na watoto wa wakuu wa idara, na mjane wa mwanachama asiachwe ati kwa kuwa jina la marehemu limefutwa katika daftari la mishahara. Katibu aandike majina mapema, na mtoto atakayependa atuandikie habari za alichokiona, nasi tutaichapa katika kurasa hizi bila ya kuifupisha.

Barua ya uhamisho yaweza kufika kesho kwa mmoja wetu. Ikifika, na imkute amekwisha kukutana na mlima.

WAHARIRI